Mumpsimus: Historia ya Kosa Lililogeuka Neno

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo hupatikana zaidi katika kamusi kuliko vinywani mwa watu limo neno mumpsimus. Kamusi kubwa za lugha hiyo hulipa maana mbili zinazokaribiana. Ya kwanza ni mtu anayeshikilia kosa, au desturi iliyopitwa na wakati, hata baada ya kuonyeshwa waziwazi kwamba amekosea. Ya pili ni kosa lenyewe linaloshikiliwa. Asili yake si ya Kiingereza, wala si ya Kilatini ijapokuwa sura yake yafanana na Kilatini. Kwa mujibu wa kisa kilicholieneza, neno hili lilizaliwa na ulimi ulioteleza mbele ya altare, likadumu kwa kuwa mwenye ulimi huo alikataa kusahihishwa.

Kisa chenyewe ni kidogo na huenda ni cha kubuni. Hata hivyo, katika muda usiofika miaka arobaini, kilitumiwa na mwanachuoni aliyekuwa mashuhuri kuliko wote katika Ulaya ya zama zake, na mfasiri wa Biblia aliyekuja kunyongwa na mwili wake kuchomwa moto, na mfalme aliyewaua watu wa pande zote mbili za ugomvi ule ambao kisa hicho kilikuwa kikiusimulia. Ndani yake mna swali linalomkabili kila anayesahihisha insha ya Kiswahili: ni wakati gani neno lililokosewa huwa ni kosa, na ni wakati gani huwa ni lugha?

Yafaa kuanza na sala. Katika Misa ya Kilatini, baada ya Komunyo, padri husema kwa sauti ya chini sala fupi ya kuomba kwamba kile kilichopokewa kwa kinywa kipokewe pia kwa moyo safi. Kitenzi cha sala hiyo ni sumpsimus, maana yake "tumepokea" au "tumetwaa". Kiambishi cha nafsi katika Kilatini huja mwishoni mwa kitenzi, na hiyo -mus ya mwisho hufanya kazi ile ile inayofanywa na tu- mwanzoni mwa kitenzi cha Kiswahili. Padri wa kisa hiki, badala ya sumpsimus, alizoea kusema mumpsimus, neno lisilo na maana yoyote katika Kilatini. Kifonetiki kosa hilo halishangazi: sauti ya mwanzo imevutwa na sauti za midomo zinazofuata, na neno zima likawa jepesi zaidi kulitamka. Kwa kuwa sala yenyewe husemwa chinichini, na kwa kuwa waumini wengi wa zama hizo hawakukijua Kilatini, hapakuwa na sikio la kumkamata. Mambo kama hayo hayakuwa ya Ulaya peke yake. Afrika Mashariki nayo, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujafungua mlango kwa lugha za wenyeji katika hati yake ya Desemba 1963, ilisomewa Misa kwa Kilatini, na wavulana waliotumikia altare waliyajibu kwa ghibu maneno ambayo wengi wao hawakuyajua maana.

Aliyekiandika kisa hiki ni Erasmus wa Rotterdam, katika barua ya Agosti 1516 aliyompelekea Henry Bullock, mwanachuoni wa Cambridge. Mapema mwaka huo huo Erasmus alikuwa ametoa mjini Basel chapa yake ya Agano Jipya la Kiyunani pamoja na tafsiri yake mwenyewe ya Kilatini, kitabu alichokiita Novum Instrumentum. Tafsiri hiyo iliisahihisha Vulgata, Biblia ya Kilatini iliyokuwa imetumika katika Kanisa la Magharibi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ghadhabu iliyozuka ilikuwa kubwa. Erasmus alisikia kwamba chuo kimoja cha Cambridge kilikuwa kimepiga marufuku kitabu hicho kisiingizwe chuoni kwa farasi, wala kwa chombo cha majini, wala kwa gari, wala kwa mpagazi. Katika kumjibu Bullock ndipo alipomtaja padri aliyesema mumpsimus kwa muda wa miaka ishirini, na ambaye, alipoambiwa kwamba lisomwalo ni sumpsimus, hakukubali kuiacha ile aliyoizoea.

Kejeli hiyo ilikuwa kali, na kwa kiasi fulani ilikuwa ya haki. Wapinzani wa Erasmus walidai kwamba maneno yaliyosomwa kanisani kwa karne nyingi yamepata utakatifu kwa kule kusomwa kwake, hata kama msomi ameonyesha kwamba Kiyunani chasema jambo jingine. Lakini ipo tofauti ambayo Erasmus, kwa ustadi wake wa mabishano, aliificha. Kosa la padri lilipimika kwa kufungua kitabu cha Misa kilichokuwa mbele yake. Mengi ya masahihisho ya Erasmus hayakuwa ya namna hiyo. Yalikuwa ni hukumu za mfasiri. Katika chapa ya pili ya mwaka 1519, mathalani, aliliondoa neno verbum katika mwanzo wa Injili ya Yohana, akaweka sermo, neno lenye maana iliyo karibu zaidi na usemi au mazungumzo kuliko neno moja. Aliyeipenda verbum hakuwa padri mjinga mwenye ulimi mzito. Alikuwa msomaji mwenye chaguo tofauti, na chaguo lake lilikuwa na hoja. Tangu siku yake ya kwanza, basi, mumpsimus ilikuwa silaha iliyomwezesha mwenye kuitumia kumfananisha mpinzani wake na mtu asiyejua kusoma.

Mwaka mmoja baadaye kisa kikabadilika. Richard Pace, mwanadiplomasia wa Kiingereza na katibu wa Mfalme Henry VIII, alichapisha mjini Basel kitabu cha Kilatini kiitwacho De Fructu qui ex Doctrina Percipitur, yaani juu ya faida itokanayo na elimu. Katika kitabu hicho padri amekuwa Mwingereza, miaka ishirini imekuwa thelathini, na kukataa kwake kumepewa sura ya msemo: haibadilishi mumpsimus yake kuukuu kwa sumpsimus mpya ya wengine. Hivi ndivyo visa vya namna hii vinavyokua popote pale. Msimulizi huongeza miaka na kumhamishia mhusika karibu na nyumbani ili wasikilizaji wacheke zaidi. Chapa ya kwanza ya kamusi kubwa ya Oxford ilimtaja Pace kuwa chanzo cha neno, na wengi wakayafuata hayo bila kuuliza. Na hali Pace mwenyewe, katika barua ya mwaka 1517, alimkiri Erasmus kwamba kisa amekichukua kwake. Si jambo la kuwacheka watunga kamusi, lakini ni vigumu kutotabasamu.

Safari ya neno kutoka Kilatini cha wasomi hadi Kiingereza cha kawaida ilikuwa fupi. Mwaka 1530 William Tyndale, aliyekuwa uhamishoni baada ya kulifasiri Agano Jipya kwa Kiingereza, alitoa kitabu kiitwacho The Practice of Prelates. Humo aliwashambulia wanasheria na wanateolojia waliotafutiwa kazi na Kadinali Wolsey ya kuonyesha kwamba Catherine wa Aragon hakuwa mke halali wa mfalme. Tyndale aliwaita mumpsimus wa teolojia, na akalitia neno hilo katika wingi kwa kanuni za Kiingereza. Mahali hapo pastahili kutazamwa na mwanaisimu. Kitenzi cha Kilatini chenye nafsi ya kwanza wingi kimegeuka nomino ya Kiingereza yenye umoja na wingi wake, kwa sababu tu mwisho wake, -us, ulifanana na mwisho wa nomino za Kilatini ambazo kila mwanafunzi alizijua. Kiambishi cha kitenzi kimesomwa kana kwamba ni alama ya nomino. Neno linaloitwa kosa likawa limeingia katika lugha kwa kosa la pili, na kosa hilo la pili hakuna aliyelilalamikia.

Mwaka uliofuata, 1531, Sir Thomas Elyot alilitumia kwa namna nyingine kabisa. Elyot alikuwa mmoja wa watu waliokusudia kukitajirisha Kiingereza kwa kuazima kutoka Kilatini, na katika kitabu chake The Boke Named the Governour, alipofikia kuizungumzia sifa iitwayo magnanimity, yaani ukuu wa moyo, alisita. Neno hilo lilikuwa geni, limeazimwa juzijuzi tu, na Elyot alijua kwamba wapo watu wasioridhika na lolote lililo nje ya mumpsimus waliyoizoea. Kwa ajili yao akatumia msemo wa Kiingereza wenye maana ya ujasiri mwema. Msomaji wa leo aweza kuipita sentensi hiyo bila kugutuka, lakini maana imehama mbali. Wanaotuhumiwa hapa hawakukosea chochote. Kosa lao, kama ni kosa, ni kupenda kusema Kiingereza kilichokuwapo. Mumpsimus imekuwa jina la msamiati wa kawaida katika kinywa cha mtu anayeunda msamiati mpya.

Waundaji wa istilahi za Kiswahili wangefanya vema kuusoma ukurasa huo mara mbili. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanzishwa Tanzania mwaka 1967, na hata kabla yake, istilahi nyingi zimebuniwa. Nyingine zikapokewa na nyingine zikakataliwa na watumiaji bila ya maelezo. Mtu anayeendelea kusema kompyuta baada ya kuletewa ngamizi na kisha tarakilishi hashikilii kosa. Anashikilia neno linaloeleweka. Kumwita mkaidi ni kutenda alivyotenda Elyot, pasipo adabu ya Elyot, ambaye angalau aliwaachia wasomaji wake neno la zamani.

Ama matumizi yaliyolipa neno hili umaarufu wake mkubwa ni ya tarehe 24 Desemba 1545. Siku hiyo Henry VIII, akiwa mgonjwa na mnene, alisimama Bungeni kutoa hotuba ambayo ingekuwa ya mwisho kwake mbele ya Bunge. Aliwalaumu raia wake kwa kukosa upendo. Wao kwa wao waliitana wazushi na wanafiki, na Neno la Mungu lilikuwa likibishaniwa na kuimbwa vilabuni. Aliwalaumu wahubiri zaidi. Baadhi yao, alisema, wamekakamaa katika mumpsimus yao ya zamani, na wengine wamejishughulisha kupita kiasi na sumpsimus yao mpya. Ndiyo mara ya kwanza, katika matumizi mashuhuri ya neno hili, ambapo mwenye kusahihisha alilaumiwa sawa na mwenye kukosea.

Maneno hayo yana hekima yake, na mwanahistoria akiyasoma peke yake atamwona mfalme mpatanishi. Lakini hayawezi kusomwa peke yake. Miaka mitano kabla yake, tarehe 30 Julai 1540, watu sita walikokotwa hadi uwanja wa Smithfield mjini London wakauawa siku moja. Watatu, akiwamo Robert Barnes, walichomwa moto kwa uzushi, kwa kuwa walikwenda mbele mno katika mageuzi ya dini. Watatu wengine walinyongwa na kukatwakatwa kwa uhaini, kwa kuwa walikataa mamlaka ya mfalme juu ya Kanisa na kubaki na Papa. Mwaka 1543 sheria ya mfalme huyo huyo iliwakataza mafundi, wanagenzi, vibarua na wanawake wengi kujisomea Biblia ya Kiingereza. Tyndale mwenyewe alikuwa ameuawa karibu na Brussels mwaka 1536. Katika Uingereza ya wakati ule, basi, mstari kati ya mumpsimus na sumpsimus ulichorwa na mtu mmoja, naye aliweza kuusogeza asubuhi moja na kuwaacha watu wa pande zote mbili wakiwa wamesimama upande usiofaa.

Baada ya hapo habari za neno zaweza kuelezwa kwa ufupi. Mwaka 1552 Askofu wa zamani Hugh Latimer alilitumia katika mahubiri yake juu ya jirani aliyefundishwa ukweli na asitake kuuamini. Lakini msingi wa kisa ulikuwa umekwisha kuondoka. Mwaka 1549 Kitabu cha Sala cha Kiingereza kilichukua mahali pa Misa ya Kilatini, na ingawa Malkia Mary aliirudisha Misa hiyo kwa miaka michache, kuanzia mwaka 1559 katika makanisa ya Uingereza hapakusomwa tena sumpsimus wala mumpsimus. Kichekesho kilibaki bila sala iliyokizaa. Peter Heylin, alipoandika mwaka 1631 juu ya Mtakatifu George, alikumbuka usemi wa Mfalme Henry lakini akaugeuza: waliokakamaa, kwake yeye, ni wale wenye kujiona katika sumpsimus yao mpya. Tangu hapo maneno yote mawili yamekuwa ya wapenda kamusi, na sumpsimus nayo imepewa mlango wake katika Kiingereza, kwa maana ya usemi sahihi unaoletwa kuondoa usemi wenye kosa uliozoeleka.

Mtu akitaka kujua kama mgawanyo huo wa sahihi na kosa hutosha kuieleza lugha, na akitazame Kiingereza chenyewe. Neno apron, yaani aproni, lilikuwa napron; herufi n ikahamia kwenye kibainishi kilichotangulia na haikurudi. Nyoka aitwaye adder alikuwa nadder, na mwamuzi wa mchezo, umpire, naye alianza na n. Neno pea, la njegere moja, lilitolewa katika pease, ambalo halikuwa wingi wa kitu. Wasemaji walidhani s ya mwisho ni alama ya wingi, wakaiondoa ili wapate umoja. Kila moja ya maneno haya ni mumpsimus iliyoshinda. Leo hakuna mwalimu wa Kiingereza atakayemwadhibu mtoto kwa kuandika apron, na atakayeandika napron ndiye atakayepigwa mstari mwekundu.

Kiswahili kimefanya hivyo kwa upana zaidi, maana mfumo wake wa ngeli humeza chochote kinachoukaribia. Kiarabu kilileta kitab, neno ambalo ki- yake ni sehemu ya mzizi na ambalo wingi wake ni kutub. Wasemaji wa Kiswahili waliisikia ki- hiyo kama ya kiti na kisu, wakasema vitabu, na jambo likaisha. Kiingereza kilileta keep left, amri ya barabarani ya kwenda kushoto, nayo ikawa kiplefti na viplefti. Kilileta mudguard, ikawa madigadi, na kwa kuwa madigadi ni wingi, kimoja kikawa digadi. Hata cheo cha anayesahihisha hakikuepuka: muʿallim wa Kiarabu alipata mw- ya mtu, na wenzake wakaitwa walimu. Kama maandishi ya Kiarabu yangekuwa kwa Kiswahili kile ambacho kitabu cha Misa kilikuwa kwa yule padri, basi chumba cha walimu chenye vitabu vingi kingekuwa kimejaa mumpsimus tangu mlangoni.

Hapa ndipo tofauti iliyofichwa na Erasmus inapodhihirika. Matini iliyofungwa ina kipimo nje ya msemaji. Katika vyuo vya Kurani vya pwani mtoto huanza kusoma Kiarabu kabla hajakijua maana, kama mtumishi wa altare na Kilatini chake. Lakini herufi moja ikiteleza mwalimu humrudisha papo hapo, na elimu nzima ya tajwidi imewekwa kwa ajili hiyo. Miaka ishirini ya mumpsimus haiwezekani mahali ambapo msomaji husikilizwa. Hali kadhalika kwa mhariri wa tenzi za kale. Hati za Kiswahili za maandishi ya Kiarabu mara nyingi hazitofautishi b na p, na huacha sauti nyingine zikisiwe na msomaji. Mhariri akikisia vibaya, na mwingine akamnukuu, kosa hilo ni mumpsimus kwa maana yake kamili, kwa sababu liko neno ambalo mtunzi alilikusudia. Mazungumzo ya kila siku hayana matini ya namna hiyo nyuma yake. Wasemaji wenyewe ndio kipimo.

Mfano wa masaa unafaa kuchunguzwa kwa utulivu kuliko unavyochunguzwa kwa kawaida. Sarufi sanifu huliweka saa katika ngeli ambayo umoja na wingi wake havitofautiani: saa moja, saa tatu. Walimu wengi hulikata neno masaa kwa wino mwekundu, na katika mtihani wana haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa mtihani hupima lahaja sanifu. Lakini sentensi "alingoja saa tatu" ina maana mbili, ya wakati na ya muda. Anayesema "alingoja masaa matatu" ameiondoa mojawapo. Atajibiwa kwamba Kiswahili kinayo njia ya kusema "muda wa saa tatu", na ni kweli kinayo. Hata hivyo wasemaji wameona haja, wakachukua kiambishi kilichokuwapo, wakaitimiza. Padri wa Erasmus hakupata faida yoyote kwa m yake. Msemaji wa masaa amepata tofauti ya maana, na kosa lenye kazi ni kosa la jinsi nyingine.

Upande wa pili wa lawama ya mfalme haukosi mifano nao. Wapo wanaoona kwamba habari na hatari, kwa vile zilitoka katika kh ya Kiarabu, hazijakamilika mpaka zirudishiwe kh hiyo: khabari, khatari. Kwa msemaji aliyelelewa na matamshi hayo pwani, hayo ndiyo matamshi yake na hana la kujieleza. Kwa yule anayeyavaa akiwa mtu mzima ili aonekane mjuzi, na kumrekebisha mwenzake kwayo, hiyo ni sumpsimus halisi: neno la asili linalorudishwa katika lugha iliyokwisha kuliaga.

Suala zito zaidi ni la lahaja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilivipitisha vitabu vya shule na kuvipa idhini yake. Uchaguzi huo ulifanyika katika mji ambao watu wake husema ndoo mahali ambapo Mwunguja husema njoo, ndia mahali pa njia, na mato mahali pa macho. Tangu hapo mtoto wa Kimvita aliyeandika lugha ya mama yake alipata alama ya kosa, ijapokuwa utungo wa Kimvita, wa Muyaka bin Haji na wengineo, ulikuwa umekomaa kabla ya kamati yoyote kuundwa. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala waliliandika jambo hili katika Historia ya Kiswahili mwaka 1977, na uchungu wake haujakwisha. Usanifishaji ulikuwa na sababu zake za elimu na uchapaji, na hakuna haja ya kuzikana. Lakini mato haikuwahi kuwa macho iliyokosewa. Ni neno lililofika kwa njia yake, na kuliita kosa ni kufanya alivyofanya mfalme pale Smithfield, ijapokuwa kwa wino.

Imebaki haja ya kulitafutia neno hili tafsiri, kwa ajili ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili itakayotaka kulitia. Kwa maana ya mtu, mkaidi halitoshi, kwa sababu mkaidi hukataa amri, na huyu hukataa ushahidi. Mshupavu lina sifa njema ndani yake. Mshikilia kosa ni maelezo zaidi ya neno, lakini hueleweka. Kwa maana ya jambo lenyewe Kiswahili kina bahati nzuri zaidi. Sugu ni ngozi iliyokufa ganzi kwa kusuguliwa mahali pamoja muda mrefu, na kosa sugu hulibeba wazo lote: kurudiarudia, muda, na kutosikia. Ila mtunga kamusi aongeze kwamba neno hutumiwa kwa kejeli, na kwamba mara nyingi humwelezea anayelitamka kuliko anayetupiwa. Sumpsimus yaweza kuelezwa kuwa ni usahihisho, hasa ule unaosisitizwa pasipo haja.

Sala yenyewe haikupotea. Imo katika kitabu cha Misa cha Kirumi kilichotolewa mwaka 1970 baada ya Mtaguso, nayo husemwa na padri chinichini anaposafisha kikombe baada ya Komunyo. Asemaye kwa Kiswahili huanza kitenzi kwa tu-, na ile -mus ya mwisho haimhusu tena.